UCHAMBUZI: Shaba ya juu haiondoi sumu iliyo ndani ya risasi

MJADALA kuhusu sumu ya madini ya risasi katika silaha ndogo umeingia awamu mpya. Mnamo Aprili 2024 Denmark ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wa kila aina. Julai 2025, serikali ya Uingereza nayo ikatangaza kwamba itafuata mkondo uo huo kwa awamu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umetangulia Februari 2023 kwa kuzuia marisau ya madini hayo, yaani zile punje za bunduki za kuwindia ndege, katika maeneo ya vinamasi.

Marekani, taifa ambalo raia wake wanamiliki silaha nyingi kuliko taifa jingine lolote, haijafika huko. Huko, suluhisho la nusu njia ndilo lililopata soko, hasa miongoni mwa wamiliki wa bastola za rivolva wanaojitengenezea risasi nyumbani. Wengi wao sasa hununua vichwa vya risasi vilivyopakwa utando mwembamba wa shaba. Vinang'aa, vinagharimu pesa chache kuliko vile vilivyovikwa koti kamili la shaba, na havichafui mikono kama madini matupu.

Swali ambalo wadadisi wa masuala ya usalama na mazingira wanajiuliza ni iwapo utando huo unaondoa hatari au unaificha tu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukichunguza jinsi vichwa hivyo vinavyotengenezwa, vinavyotumika na vinavyotazamwa na sheria, methali hiyo inapata maana mpya.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa fununu. Neno risasi ni jina la kinachotoka kwenye bunduki na pia ni jina la madini kilichoundwa kwayo. Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Ili kuepusha mkanganyiko, makala haya yatayaita madini hayo ledi, kama yanavyoitwa aghalabu katika taarifa za habari humu nchini.

Kazi ya nyumbani

Risasi moja ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba ya manjano, kuna fataki, kile kidude kidogo kitakoni mwa ganda kinachotoa cheche, kuna baruti, na kuna kichwa, yaani kipande kinachoruka kuelekea shabaha. Baada ya kufyatua, ganda hubaki zima. Mwenye mashine ndogo ya mkono anaweza kulisafisha, kulirudisha katika umbo lake, kulitia fataki mpya, kulipimia baruti na kukaza kichwa kipya mdomoni mwake.

Nchini Marekani shughuli hiyo ni ya kawaida na ni halali. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inamtaka mtu anayetengeneza risasi za kuuza awe na leseni ya serikali kuu. Anayetengeneza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni hiyo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1986 yaliondoa pia sehemu kubwa ya masharti ya kuweka rekodi za mauzo ya risasi.

Sababu kuu ya wengi kuingia katika kazi hiyo ni gharama na uhaba. Baada ya mauaji ya watoto katika Shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, wanunuzi waliohofia sheria kali walimaliza shehena madukani. Hali hiyo ilijirudia kwa ukali zaidi mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipokutana na machafuko ya kisiasa na uchaguzi wa urais. Mwaka huo huo kampuni kongwe ya Remington iliwasilisha ombi la kufilisika, na kiwanda chake cha risasi kilichoko Lonoke, jimboni Arkansas, kikauzwa. Hata fataki zilikuwa adimu.

Upande wa ledi nao ulikuwa umebadilika. Wajitengenezaji wengi walikuwa wakisubu vichwa vyao wenyewe kwa kuyeyusha vipande vya ledi vilivyokuwa vikitumiwa kusawazisha magurudumu ya magari. California ilipiga marufuku vipande hivyo mwaka 2010. Desemba 2013, kiwanda cha mwisho cha Marekani kilichokuwa kikiyeyusha ledi kutoka kwa mawe ya migodini, katika mji wa Herculaneum, Missouri, kilifungwa. Tangu hapo nchi hiyo hupata ledi yake ya ndani kwa kuyeyusha upya vyuma vikuukuu, hasa betri za magari. Katika mazingira hayo, kichwa kilichopakwa shaba kiwandani kikawa jawabu rahisi.

Aina tatu, tabia tatu

Kuna aina tatu za vichwa ambazo mwenye rivolva anaweza kuchagua. Ya kwanza ni ledi ya kusubu, iliyochanganywa na kiasi cha bati au antimoni ili iwe ngumu, kisha kupakwa nta au mafuta ili iteleze mtutuni. Ni rahisi kwa bei, lakini huacha utando wa ledi ndani ya mtutu na hutoa moshi.

Ya pili ni ile iliyovikwa koti. Koti hilo ni bamba la mchanganyiko wa shaba na zinki, gumu na nene, ambalo hubanwa kuzunguka ledi kwa mashine. Hilo linahimili mwendo wa kasi na joto kubwa.

Ya tatu ndiyo inayozungumziwa hapa. Kiini cha ledi laini hutumbukizwa katika maji yenye chumvi za shaba, kisha umeme hupitishwa ndani yake. Shaba nyekundu hujishikiza polepole juu ya kiini hadi ikifunike pande zote. Unene wa utando huo hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Hiyo ni shaba tupu, laini kuliko ile ya koti.

Kwa macho, aina ya pili na ya tatu zinakaribia kufanana. Zikifyatuliwa, hutofautiana sana. Watengenezaji wengi huonya kwamba vichwa vya kawaida vya kupakwa visizidishe mwendo wa takriban futi 1,200 kwa sekunde, sawa na mita 365 hivi. Zaidi ya hapo utando unaweza kupasuka au kuchanika kwenye mifuo ya mtutu, na kichwa kikapoteza shabaha.

Kikomo hicho kingekuwa jambo dogo kama rivolva zote zingekuwa na nguvu sawa. Risasi ya .38 Special, iliyobuniwa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, huenda kwa mwendo ulio chini ya kiwango hicho. Hata hivyo, mrithi wake wa mwaka 1935, .357 Magnum, aliundwa kwa shabaha ya kukivuka. Shirika la watengenezaji silaha na risasi la Marekani, SAAMI, limeweka kikomo cha shinikizo cha ratili 17,000 kwa inchi ya mraba kwa ya kwanza, na 35,000 kwa ya pili. Vichwa vya risasi hizo mbili vina kipenyo kimoja, na bastola ya .357 hufyatua zote mbili bila shida. Kwa hivyo kisanduku kimoja cha vichwa vya kupakwa kinaweza kuwa salama leo na kisiwe salama kesho, kutegemea ganda lililotumika na baruti iliyotiwa.

Mtego wa rivolva

Rivolva ina maumbile yanayofanya suala hili kuwa nyeti kuliko katika bastola nyingine. Risasi zake hukaa katika matundu ya silinda inayozunguka. Moja inapofyatuliwa, mtetemo hurudi nyuma kwa nguvu na kuzivuta nyingine zilizosalia. Kichwa kisichokazwa vizuri huchomoza taratibu kutoka mdomoni mwa ganda lake hadi kikaizuia silinda kuzunguka.

Ili kuzuia hilo, mdomo wa ganda hubanwa kuelekea ndani ili ukishike kichwa. Vichwa vya kusubu na vingi vya koti vina mfuo maalumu wa kupokea mbano huo. Vingi vya kupakwa havina. Mtengenezaji akibana kwa nguvu, makali ya ganda hukata utando wa shaba, na sehemu yake yaweza kubanduka na kubaki mtutuni. Akibana kidogo mno, kichwa huchomoza. Nafasi kati ya makosa hayo mawili ni finyu, na humdai mtu apime kila anachofanya.

Mtego wa pili ni wa baruti. Shaba, hata ikiwa nyembamba, husuguana na mtutu kuliko ledi iliyopakwa mafuta. Mtu anayetia baruti kidogo mno kwa kudhani anatunza utando anaweza kukwamisha kichwa katikati ya mtutu. Kwa bastola inayojiendesha kwa nguvu ya mlipuko, risasi dhaifu aghalabu hushindwa kuuendesha mtambo, na mpigaji hushtuka. Rivolva haina mlinzi huyo. Silinda yake huzungushwa na kidole cha mpigaji, hivyo risasi ya pili huwa tayari nyuma ya kizuizi papo hapo. Matokeo yake yanaweza kuwa mtutu uliopasuka na mkono uliojeruhiwa.

Kuna pia hatari ya kinyume. Ganda la .38 lilibuniwa wakati baruti nyeusi ilipokuwa ingali inatumika, baruti ambayo huchukua nafasi kubwa. Baruti za kisasa zina nguvu zaidi kwa ujazo mdogo, hivyo sehemu kubwa ya ganda hubaki tupu. Mtu akipitiwa na kutia vipimo viwili katika ganda moja, huenda asione tofauti.

Je, nani humwongoza mtu huyo? Vitabu vya vipimo vipo tele kwa vichwa vya ledi na vya koti. Kwa vile vya kupakwa, maelekezo hutofautiana. Baadhi ya watengenezaji husema vichukuliwe kama ledi, wengine husema vifuate vipimo vya katikati vya koti. Unene wa utando nao si mmoja kwa kampuni zote. Viwango vya SAAMI, iliyoundwa mwaka 1926, ni vya hiari na huwafunga wanachama wa viwandani. Havimfikii mtu aliye na mashine yake katika gereji ya nyumbani. Mtu huyo ndiye mhandisi, mkaguzi na mtumiaji.

Mapafu yanafaidi, damu haisalimiki

Itakuwa dhuluma kudai kwamba utando wa shaba hauna faida. Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba hakuna kiwango cha ledi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto, ledi huvuruga ukuaji wa ubongo. Kwa watu wazima, huathiri figo, shinikizo la damu na uzazi. Mnamo Oktoba 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipunguza kiwango cha kuwatambua watoto walioathiriwa hadi maikrogramu 3.5 kwa kila desilita ya damu.

Katika kumbi za ndani za kulengea shabaha, gesi moto za baruti hulamba tako la kichwa na kuyeyusha sehemu ndogo ya ledi, ambayo hugeuka mvuke na vumbi. Rivolva huzidisha hali hiyo, kwa kuwa kuna upenyo kati ya silinda na mtutu ambamo gesi na chembe hutoka kando, karibu na uso wa mpigaji. Kichwa kilichopakwa shaba pande zote, hadi takoni, huizuia gesi kuigusa ledi. Kwa hilo hata hushinda baadhi ya vile vya koti, ambavyo tako lake huachwa wazi. Anayesimama kwenye ukumbi wenye hewa duni kila wiki hunufaika.

Hata hivyo, faida hiyo ina mpaka. Fataki nyingi zinazotumika hadi leo zina kemikali ya ledi, nayo huwaka na kutoa vumbi kila mara bastola inapolia, kichwa kiwe cha aina gani. Kichwa nacho kikigonga chuma au ukuta wa nyuma hupasuka, na ledi iliyokuwa imefunikwa hutoka. Anayefagia ukumbi, anayesafisha maganda na mtoto anayekumbatia nguo za mzazi aliyetoka huko hawakingwi na utando ule. Kinga yao ni hewa inayosukumwa nje, maji, sabuni na mavazi ya kubadilisha.

Sheria inayopima kilichomo

California imelitazama jambo hili kwa jicho jingine. Mwaka 1982 ndege wakubwa wa jamii ya tai mzoga waitwao kondori wa California walikuwa wamesalia 22 pekee duniani. Waliosalia porini walikamatwa wote kufikia 1987 ili wazalishwe kwa uangalizi. Walipoanza kurejeshwa porini miaka ya 1990, wataalamu waligundua kwamba adui yao mkuu alikuwa ledi. Kondori hula matumbo na mizoga inayoachwa na wawindaji, na chembe ndogo tu ya ledi hutosha kumuua.

Jimbo hilo lilianza kwa kuzuia ledi katika maeneo wanakoishi ndege hao mwaka 2008. Mwaka 2013 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria iliyopanua marufuku hayo kwa uwindaji wote, na ikatekelezwa kikamilifu kuanzia Julai 1, 2019. Kanuni zake zinasema kichwa kitatambuliwa kuwa hakina ledi ikiwa ledi yake haizidi asilimia moja ya uzito.

Kwa kipimo hicho, kichwa kilichopakwa shaba huanguka mtihani moja kwa moja, kwa kuwa karibu uzito wake wote ni ledi. Mwindaji anayebeba rivolva ya .357 au .44 Magnum msituni hawezi kujitetea kwa rangi ya risasi zake. Kichwa hicho kinaruhusiwa kwenye viwanja vya shabaha, ambavyo sheria hiyo haikuvigusa, lakini si katika uwindaji.

Katika ngazi ya serikali kuu ya Marekani, mambo yameyumba pamoja na siasa. Januari 2017, siku ya mwisho kamili ya utawala wa Rais Barack Obama, idara ya wanyamapori ilitoa agizo la kuondoa ledi hatua kwa hatua katika ardhi inazosimamia. Waziri mpya, Ryan Zinke, alilifuta mwanzoni mwa Machi mwaka huo. Vyama vya wamiliki wa silaha viliona agizo hilo kuwa njia ya mzunguko ya kuwanyima raia risasi. Watetezi wa mazingira waliona kufutwa kwake kuwa ushindi wa biashara dhidi ya sayansi.

Hoja ya gharama si ya kupuuzwa. Vichwa vya shaba tupu ni ghali. Shaba ni nyepesi kuliko ledi, hivyo kichwa chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi na hula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Wenye rivolva za zamani na kipato cha wastani hulalamika kwamba wanatozwa kodi ya kimyakimya. Hapo ndipo utando wa shaba unapopata mvuto wake wa kisiasa: unamruhusu kila upande kuamini kwamba hatua fulani imechukuliwa.

Funzo kwa Kenya

Kenya ina utaratibu tofauti kabisa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, raia hawezi kununua wala kumiliki risasi bila cheti cha silaha. Mjadala wa gereji za Marekani si wa humu.

Lakini ledi haiheshimu mipaka. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa katikati ya makazi yao. Iliwachukua miaka mingi mahakamani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikabatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mwanawe alipatikana na sumu hiyo, alituzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kinachounganisha kijiji hicho na meza ya Mmarekani anayejaza maganda yake ni kwamba ledi hutambulika kwa vipimo, haitambuliki kwa macho. Ukuta wa kiwanda ulificha tanuri, na utando wa shaba huficha kiini. Katika visa vyote viwili ukweli ulijulikana pale tu kilichomo kilipopimwa: damu ya watoto Mombasa, maini ya kondori California.

Vichwa vya kupakwa vina mahali pao. Kwa .38 ya mwendo wa wastani, katika ukumbi, mikononi mwa mtu mwangalifu anayefuata maelekezo ya mtengenezaji wa kichwa anachokitumia, vinapunguza moshi na uchafu kwa bei nafuu. Tatizo huzuka vinapopewa kazi ya koti, au vinapohesabiwa kuwa badala ya sera ya kuondoa ledi.

Denmark na California zimeamua kupima uzito wa kilichomo ndani. Maadamu sehemu kubwa ya Marekani inaendelea kuacha uamuzi huo kwa mnunuzi, jukumu litabaki kwa mtu mmoja mmoja, akiwa na mizani yake, ganda lake na kichwa kinachong'aa. Apime kwa makini, kwani kwenye rivolva hakuna kitu kitakachomzuia kidole baada ya kosa la kwanza.